Ngazi ya Vipandio Vitatu

Habari za njia ya kwenda Upandio tuziache, maana waliowahi kufika huko wanaieleza kila mmoja kwa namna yake na hakuna anayemsadiki mwenzake. Tushike tu kwamba Mwalimu Siwatu Makame alifika, asubuhi ya Jumatatu, akiwa na begi moja na kalamu nyekundu sita, na kwamba jambo la kwanza lililomshinda katika nchi ile lilikuwa kikombe cha chai.

Siwatu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili. Kwao alikuwa amefundisha uandishi wa miswada ya filamu kwa miaka ishirini na mmoja, na wanafunzi wake walimheshimu kwa heshima ile yenye woga ndani yake. Chuo Kikuu cha Upandio kilipomwandikia barua awe mtahini wa nje, hakujivunga hata kidogo. Alifurahi, akaisoma barua mara nne, akamsomea na jirani.

Sasa yuko mezani, kwenye nyumba ya wageni, na mama mmoja mwenye aproni nyeupe amesimama mbele yake.

"Unataka nini, dada?"

"Chai ya rangi, ahsante."

"Nani anakuzuia?"

Siwatu alidhani hakusikia vizuri. "Anizuie nani? Hakuna anayenizuia."

Yule mama alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa asiyejijua. "Pole sana. Basi hutaki kweli," akasema, akageuka aende zake.

Bwana mmoja wa meza ya pili, mwenye koti la madoa ya rangi zote, aliinama akanong'ona: "Mwambie birika."

"Birika?"

"Sema birika linakuzuia."

Siwatu, kwa sauti ya mtu anayeona haya, akasema birika linamzuia. Uso wa yule mama ulichanua. Chai ililetwa mara moja, na Siwatu alipopiga funda la kwanza mama alimpigia makofi na kumwambia hongera, umeshinda. Siwatu aliinywa mpaka ikaisha bila kujua ameshinda nini.

Bwana wa koti la rangi alijitambulisha. Jina lake Fikirini, Msimamizi wa Anuwai wa Chuo Kikuu, yaani mtu wa kuhakikisha kila kabila linapewa nafasi, na alikuwa amekuja kumpokea. Alikuwa mtu mwema, jambo hili lisemwe mapema kabla msomaji hajaanza kumchukia. Macho yake yalilengwalengwa na machozi kila alipotaja neno usawa.

"Hapa kwetu, Mwalimu, hatumbagui mtu," alisema walipokuwa wakitembea kuelekea chuoni. "Kila mtu ana ruhusa ya kutaka kitu. Kila mtu ana ruhusa ya kuzuiwa. Na kila mtu, awe wa Kileleni au wa Mabondeni, ana ruhusa ya kushinda. Tumelipigania hilo."

"Na asiyetaka kitu?"

Fikirini alicheka sana. Alidhani ni mzaha.

Ngazi yenyewe ilisimama katikati ya ukumbi mkuu, imeegemezwa ukutani kwa minyororo ya shaba. Ilikuwa na miti miwili mirefu ya pembeni na vipandio vitatu tu, kimoja chini, kimoja kati, kimoja juu kabisa, vimeachana sana hata mtu wa kawaida asingeweza kutoka kimoja kwenda kingine bila kujipasua nguo. Muasisi wa chuo, alieleza Fikirini, alikutwa amefariki kwa amani kitini pake, na ngazi hii ikiwa imeegemea rafu zake za vitabu. Hakuacha maandishi yoyote. Wanafunzi wake waliitazama ngazi siku saba, wakaelewa: kisa ni kutaka, kuzuiwa na kushinda. Tangu hapo hakuna mswada uliopita Upandio bila kuipanda.

"Kuipanda vipi?"

"Utaona kesho. Ila utazame rangi zake." Fikirini aliisogelea ngazi kwa unyenyekevu. Ilikuwa imepakwa kila rangi ijulikanayo. Zamani, alisema, ilikuwa nyeupe tupu, rangi ya Kileleni, na watu wa Mabondeni walilalamika kwamba chuo hakiwajali. Baraza lilikaa miaka mitatu likajadili ni rangi gani ziongezwe na ipi itangulie ipi. Watu walinuniana. Wawili walijiuzulu. Mwishowe ikakubaliwa kwamba rangi ya udongo wa Mabondeni ipakwe kwenye kipandio cha juu kabisa, na siku hiyo Fikirini alilia hadharani.

"Na vipandio?" aliuliza Siwatu.

"Vimefanyaje?"

"Vimeachana mno."

"Ah, hivyo ni vipandio," alisema Fikirini. "Hivyo havina rangi ya mtu yeyote."

Siwatu aliitikia kwa kichwa. Jibu lilikuwa na sura ya jibu, nalo likampita.

Mswada aliopewa kuutahini ulikuwa mmoja tu, wa mwanafunzi aitwaye Mashavu, binti wa Mabondeni, ambaye alikuwa ameshaanguka mara mbili. Sheria ilikuwa wazi: akianguka mara ya tatu, anafutwa kwenye orodha, mswada wake unapelekwa kwenye Ghala la Vitu Visivyo Visa, na yeye haruhusiwi tena kuandika chochote kinachozidi barua ya salamu. Siwatu alirudi chumbani kwake, akavua viatu, akausoma.

Ulihusu sufuria. Kule Mabondeni kuna sufuria moja kubwa ya msiba, yenye masikio mawili, na wanawake saba wanaoihamisha kutoka nyumba yenye matanga kwenda nyingine. Kila mwanamke anaishika kwa zamu, na anapoishika, kisa kinakuwa chake, yeye na nyumba yake na jiko lake. Akiishusha, anatoka, wala haagwi. Hakuna adui. Wanapika, wanachambua mchele, wanamsengenya marehemu kidogo, wanaosha vyombo. Halafu anafiwa Bi Mkejina, mwanamke ambaye mtaa mzima umemnunia kwa miaka tisa, na hakuna anayekumbuka vizuri kwa nini. Sufuria ipelekwe, isipelekwe? Wale saba hawaulizani. Asubuhi wanajikuta wote saba wameishika, mikono kumi na minne kwenye sufuria ya masikio mawili, wanatembea kama kaa, wanakanyagana, mpaka mlangoni kwa Bi Mkejina. Wanaitua. Wanasubiri.

Siwatu alilia. Hakulia kwa staha, alilia mpaka kamasi. Alipotaka kufungua ukurasa wa mwisho, karatasi zilimteleza zikafunguka katikati, akaona kitu kilichomtisha: kwenye ukurasa wa thelathini, pembeni, palikuwa na maandishi mekundu yaliyosema, *Shujaa ni nani?* Mwandiko ulikuwa wake. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, wazi. Hakukumbuka kabisa kuyaandika. Alishindwa kumaliza ukurasa uliobaki, akaufunika mswada kwa mto.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mezani alikaa Profesa Mwinyikombo, mkuu wa kitivo, mzee mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, kulia kwake Fikirini, kushoto Siwatu. Chini ya ngazi alisimama Bwana Sudi, Mpandaji wa Chuo. Kazi hii alipewa kwa sababu ya miguu yake, iliyokuwa mirefu kupita miguu ya mtu yeyote nchini. Mswada husomwa kwa sauti. Shujaa akitaka jambo, Sudi hupanda kipandio cha kwanza. Akizuiwa, cha pili. Akishinda, cha tatu, na kengele hupigwa. Karani haandiki kitu kingine ila namba ya kipandio ambacho mguu wa Sudi umekifikia.

Mashavu mwenyewe alisoma. Alikuwa msichana mfupi, kavaa gauni la kitenge lililopigwa pasi vizuri, na sauti yake haikutetemeka.

Mwanamke wa kwanza aliishika sufuria, Sudi akanyanyua mguu. Mwanamke akaishusha, akatoka. Sudi akaurudisha mguu chini kabla haujagusa kipandio. Wa pili akaja, mguu ukapanda. Wa pili akaenda zake kuchambua mchele, mguu ukashuka. Kufikia mwanamke wa nne, maskini Sudi alikuwa akipandisha na kushusha mguu kama mtu aliyekanyaga siafu, na jasho lilikuwa limelowesha shati lake mgongoni. Watu walianza kucheka. Profesa aligonga meza. Lakini wanawake saba walipoishika sufuria kwa pamoja, Sudi aliduwaa. Aliitazama miguu yake miwili, akahesabu kwa kidole wale wanawake, akaitazama tena miguu. Kisha akaketi sakafuni.

Mashavu aliendelea kusoma. Hakuna aliyecheka tena. Alipofika pale sufuria inapotuliwa mlangoni, Profesa Mwinyikombo alipiga kengele ndogo.

"Muda umekwisha. Karani?"

"Sifuri, Profesa."

"Halafu?" Sauti ilitoka sakafuni. Alikuwa Sudi, na uso wake ulikuwa umelowa machozi. "Samahanini waheshimiwa. Halafu ikawaje? Bi Mkejina alifungua mlango?"

"Mpandaji haulizi," alisema Profesa kwa upole.

Siwatu aliinuka amsaidie Sudi kusimama, kwa kuwa alimwonea huruma na kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Hapo ndipo, akiwa ameishika ngazi kwa mkono mmoja, vidole vyake viliingia kwenye tundu. Akainama. Chini ya rangi, kwenye ule mti wa pembeni, palikuwa na matundu ya mraba, yaliyochongwa kwa patasi, yakifuatana kwa nafasi sawa kutoka chini mpaka juu. Akahamia mti wa pili. Yalikuwepo vilevile, yakitazamana na wenzake. Alihesabu tisa kila upande, ukiacha yale yenye vipandio. Ngazi ya Upandio ilikuwa na vipandio kumi na viwili. Tisa vilikatika, au viling'oka, na muasisi, mzee wa watu, alikufa kabla hajaipeleka kwa fundi.

"Hii ngazi ni mbovu," alisema Siwatu. Hakukusudia kusema kwa sauti.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi.

"Matundu hayo tunayajua," alisema Profesa Mwinyikombo, bado kwa upole. "Ni ya kupitisha hewa."

"Hewa ya nini, Profesa?"

"Ya ngazi."

Fikirini alisimama, macho yakilengwalengwa. "Mgeni wetu amesema jambo zito. Matundu tisa, na sisi hatukuwahi kuyapa nafasi! Napendekeza kila tundu likabidhiwe kabila moja, lipakwe rangi ya kabila hilo, na iwepo Siku ya Matundu kila mwaka."

Likazuka bishano kubwa. Mmoja alisema makabila ni kumi na moja, matundu hayatoshi. Mwingine alisema tundu halipakwi rangi, kwa kuwa tundu ni mahali pasipo na kitu. Mwingine tena akauliza kama Mabondeni, waliokwisha kupata kipandio cha juu, wana haki pia ya tundu. Siwatu alisimama katikati yao akigeuza shingo huku na huku. Kila aliyesema alionekana mwenye akili, na kila sentensi ilikuwa na kichwa na miguu, ila zikiwekwa pamoja hakuelewa wanazungumza nini. Alikuwa amechanganyikiwa kiasi cha kusikia kizunguzungu.

"Na huyu binti?" aliuliza mwishowe.

"Binti anasaidika," alisema Profesa. "Sisi si watu wakatili. Achague mwanamke mmoja kati ya saba awe shujaa. Aongeze adui, tuseme mwenye nyumba mroho anayetaka kuiiba sufuria. Shujaa amshinde. Nitampitisha jioni hii hii."

"Na alie zaidi," aliongeza Fikirini. "Shujaa, namaanisha. Watu wa Mabondeni wana haki ya kulia kwenye ukurasa wa sitini. Hiyo haki tumeipata kwa jasho, na katika mswada huu wanacheka mara kumi na moja. Nimehesabu. Watazamaji wa Kileleni watajuaje kwamba ni wa Mabondeni?"

Siwatu alipewa fomu. Mtahini wa nje alitakiwa atie alama kwenye kisanduku kimoja: sifuri, moja, mbili au tatu. Asipotia alama, mwanafunzi ameanguka. Akiandika nje ya visanduku, haisomwi. Kilikuwepo kifungu kilichosema jicho la mgeni lazima litazame, na kingine chini yake kilichosema likiona tofauti na wenyeji litahesabika halikutazama. Aliomba robo saa, akatoka kwenye ukumbi.

Mashavu alikuwa amekaa kwenye benchi la koridoni, mswada mapajani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wamekuambia?"

"Wameniambia. Mmoja na adui." Alinyoosha pembe ya karatasi iliyojikunja. "Wale saba ni watu, Mwalimu. Mmoja ni mama yangu, wengine ni mashangazi na majirani. Nikirudi nyumbani nitamwambia nani kwamba yeye amebaki na wengine sita nimewatoa?"

Siwatu alikaa karibu naye. Akaushika ule mswada kwa upande wake.

"Mwalimu, nikuulize. Kwenu kisa hiki wangekipokea?"

Alifungua mdomo aseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa tayari kwenye ulimi, tamu na ya heshima. Ndipo akamkumbuka Shomvi, mwanafunzi aliyemfundisha katika mwaka wake wa sita wa kazi, aliyeandika kisa cha watu wanaopanga viti vya harusi ambazo wao hawaalikwi. Hakikuwa na shujaa. Alimpa sifuri, akamwita ofisini, akamchorea ngazi ubaoni, vipandio vitatu, kwa chaki. Shomvi alisema ahsante, akaacha chuo muhula huohuo. Siwatu hakuwahi kumfikiria tena hadi leo.

"Hapana," alisema. "Kwetu ningekikataa mimi mwenyewe. Nimeshawahi kukikataa." Akatoa nakala aliyosomea yeye usiku, akaufunua ukurasa wa thelathini, akamwonyesha maandishi mekundu. "Hata hiki. Nilikuwa nalia na mkono ukaandika."

Mashavu aliyatazama yale maandishi muda mrefu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Siwatu. "Sasa Mwalimu utanifanyaje?"

"Sijui, mwanangu. Wallahi sijui. Nimechanganyikiwa."

Alikuwa bado ameishika ile fomu. Akaigeuza nyuma, kama mtu anavyogeuza karatasi bila sababu, na huko nyuma, kwa herufi ndogo zilizofifia, palikuwa na kisanduku cha tano. Kilisema: *Mtahini amechanganyikiwa. Hukumu isubiri mpaka atakapoelewa.*

Aliporudi mezani na kukitia alama kisanduku kile, karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Fomu ilipitishwa mkono kwa mkono. Hakuna mtahini aliyewahi kukitumia, kwa sababu rahisi kwamba hakuna profesa, wa Upandio wala wa pengine, aliyewahi kukiri kwa maandishi kwamba hajaelewa.

"Mwalimu Siwatu," alisema Profesa Mwinyikombo, na kwa mara ya kwanza upole ulimtoka, "unajua watu watakuonaje?"

"Najua."

"Ulikuja hapa mtu mwenye jina!"

"Ndiyo, Profesa. Naumia. Lakini sijaelewa, na fomu yenu inauliza."

Sheria ni sheria. Mashavu hakupita na hakuanguka. Atabaki mwanafunzi, na mswada wake utabaki mikononi mwake, mpaka siku ambayo mgeni atafunguka akili. Siwatu alipotoka nje na begi lake, aliwaona kwenye ngazi za mawe za mlangoni: Mashavu anasoma ukurasa wa mwisho, Sudi amekaa miguu yake mirefu ikiwa imekunjwa mpaka kidevuni, na yule mama mwenye aproni, na karani pia. Dirisha la ofisi ya Profesa lilikuwa wazi kidogo, na kitambaa cha pazia kimeshikwa na vidole. Siwatu hakusogea karibu. Aliona hastahili bado.

Nyumbani ilimchukua wiki mbili kumpata Shomvi. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu nyuma ya soko, nywele zimeanza mvi, na alimpokea mwalimu wake kwa adabu, akamfutia kiti.

"Shomvi, baba, nimekuja kukuomba ule mswada wako wa viti."

"Ule?" Alicheka, akajikuna kichwa. "Mwalimu jamani. Mke wangu alikuwa anauza maandazi, karatasi zile zilifungia maandazi. Uliniambia si kisa."

Siwatu alishindwa kumtazama. Alitazama simu zilizofunguliwa matumbo mezani. "Nisamehe," alisema. Kisha akasema, "Unakumbuka hata kidogo? Nisimulie."

Shomvi aliweka bisibisi chini. Alianza polepole, kwa viti mia mbili na gari bovu, halafu akachangamka, akasimama, akawa anaonyesha kwa mikono jinsi walivyokuwa wakivipangusa kwa mashati yao. Siwatu alisikiliza kwa moyo wote. Kabla Shomvi hajafika nusu, akajigundua anasubiri mmoja wao atake kitu, na mkono wake wa kulia, ndani ya mkoba, unapapasa kalamu. Akautoa mkono, akaukalia.

Kila mwisho wa mwezi barua huja kutoka Upandio, imeandikwa na Fikirini kwa wino wa rangi nyingi. Anasalimia, anaeleza jinsi mjadala wa matundu unavyoendelea vizuri, anataja kwamba Bwana Sudi ameomba likizo isiyo na kikomo, na chini kabisa anauliza kama sheria inavyomtaka: Je, Mwalimu, umeshaelewa?

Jioni ile, baada ya kutoka kwa Shomvi, Siwatu alikaa na barua ya kwanza mbele yake. Aliufikiria mkono wake mkobani. Kisha akachukua penseli, akajibu kwa neno moja, Bado, akatia sahihi.